Bunduki ipo zamu, ruta ina nenosiri la kiwandani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenye kambi za kitalii na vitalu vya uwindaji huku kanda ya kati, pamoja na wakubwa wanaowasimamia. Kazi yangu ni kufunga mitandao ya kompyuta. Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma, ila kazi hunipeleka Manyoni, Itigi, Kondoa, na mara nyingine hadi ndani ya mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, ambako siku hizi ukiona hema la mgeni ujue na dishi la intaneti lipo jirani. Ninachotaka kusema ni kimoja: taarifa ya mahali alipo mnyama adimu ina thamani kama jino la tembo lenyewe, na sisi tunaiacha wazi kwa yeyote anayejua kubonyeza simu.

Nitaanzia mbali kidogo, India, kwa chui milia. Najua atatokea msomaji aseme chui milia hayupo Afrika, wa kwetu ni huyu wa madoadoa, fundi anatuzungusha. Avumilie, narudi Manyoni sasa hivi.

Hifadhi ya Panna, jimbo la Madhya Pradesh, ilifika mwaka 2009 haina chui milia hata mmoja. Ujangili uliwamaliza. Hifadhi ya Sariska ilikuwa imepatwa na hayo hayo miaka michache kabla. Panna ikabidi waletewe chui milia kutoka hifadhi nyingine za jimbo hilo hilo, waanze upya kuzaliana, na baadhi yao wakavalishwa kola za GPS, mikanda ya shingoni yenye kifaa cha kuonyesha mahali, ili wajulikane walipo usiku na mchana. Kola inatuma taarifa kwa setilaiti, taarifa zinaingia kwenye barua pepe ya watafiti wachache. Julai 2013 mtu akajaribu kuifungua barua pepe hiyo. Mfumo ukaona anayebisha hodi yuko Pune, mamia ya kilomita kutoka Panna, ukamkatalia. Na hata angeingia, angekuta namba zisizosomeka bila programu maalumu ya kampuni ya kola. Vizuizi viwili, kimoja nyuma ya kingine. Mnyama mwenyewe hakujua lolote, aliendelea kulala kwenye majani yake.

Kwa nini mtu ahangaike kiasi hicho kwa ajili ya mnyama mmoja? Kwa sababu wamebaki wachache mno. Mwanzoni mwa karne iliyopita chui milia walikadiriwa kufika 100,000 duniani. Mwaka 2010, nchi 13 wanakopatikana zilipokutana St Petersburg, walikuwa wamebaki kama 3,200. Tangu hapo India na Nepal zimejitahidi kweli: India ilihesabu 1,411 mwaka 2006, ikafika 3,682 mwaka 2022, na Nepal ilitoka 121 mwaka 2009 hadi 355 mwaka 2022. Kambodia haikuwa na bahati hiyo, wa mwisho alionekana kwenye kamera ya mtego mwaka 2007. Ngozi inatafutwa, lakini kinachotafutwa zaidi ni mifupa, inayoloweshwa kwenye pombe na kuuzwa kama dawa huko Asia ya Mashariki, ingawa China ilipiga marufuku biashara hiyo tangu 1993.

Hapa sasa ndipo Manyoni inapoingia. Mifupa ya chui milia ilipoadimika, wafanyabiashara wakageukia ya simba. Mfupa ukishachemshwa, mnunuzi hajui alikuwa na milia au hana. Afrika Kusini ilifikia hatua ya kuweka kiwango rasmi cha viunzi 800 vya mifupa ya simba wa kufugwa kusafirishwa nje mwaka 2017, hadi mahakama ilipotamka mwaka 2019 kwamba kiwango hicho kiliwekwa kinyume cha sheria. Tanzania ndiyo nchi yenye simba wengi kuliko zote duniani, na ukanda wa Ruaha na Rungwa ni moja ya ngome zao kubwa. Sisi pia tunajua kuchelewa kunafananaje: sensa ya tembo ya 2009 ilikuta 109,051, ya 2014 ikakuta 43,330.

Basi kuna kambi moja, sitaitaja, iliniita kwa sababu waifai ya wageni ilikuwa ikikatika kila ufikapo muda wa chakula cha jioni. Nilikaa barazani, nikaingia kwa simu yangu kama mgeni yeyote. Nenosiri lilikuwa limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa baa. Nikafungua programu ndogo inayoonyesha vifaa vilivyomo kwenye mtandao. Vikajipanga vyote: simu za wageni, printa, kinasa cha kamera za ulinzi, kompyuta ya ofisi. Kompyuta ya ofisi ilikuwa na folda iliyoachwa wazi kwa wote. Ndani yake jedwali: safu ya kwanza tarehe, ya pili jina la kundi la simba, ya tatu na ya nne latitudo na longitudo, ya tano maoni ya dereva. Kwenye maoni, mmoja ameandika: "Jike ana watoto watatu, yupo chini ya mkuyu karibu na korongo, hatoki."

Ruta yenyewe, kile kiboksi kinachogawa intaneti, ilikuwa juu ya friji ya soda, imejaa vumbi na kinyesi cha mjusi. Stika ya kiwandani bado ipo chini yake, jina la mtumiaji na nenosiri ni neno hilo hilo moja, admin, na halijaguswa tangu siku ilipotolewa kwenye boksi. Kambi ilikuwa imelipia anwani ya IP ya umma, yaani namba inayofikika kutoka popote kwenye intaneti, na poti ya kinasa cha kamera, yaani mlango wake wa mtandaoni, imefunguliwa kwenda nje, ili bosi aliyeko mjini aangalie kambi yake kwa simu akiwa sebuleni. Maana yake dunia nzima nayo ingeweza kubisha hapo. Getini, wakati huo huo, kuna askari wawili wenye bunduki wanaoandika namba ya kila gari.

Nilimwita meneja, nikamwonyesha. Akacheka. "Fundi wangu, huku porini nani atahangaika na sisi? Jangili ana panga na baiskeli, kompyuta ataitolea wapi?"

Sikubishana naye, nilimwomba ruhusa ya kufunga faiwoli usiku ule. Kwa wasioijua, faiwoli hufanya kazi kama mlinzi wa getini mwenye daftari: kila kinachotaka kuingia kinaulizwa kinatoka wapi, kinakwenda kwa nani, kupitia poti gani, na kisichokuwamo kwenye daftari hakipiti. Ukiipanga vizuri unaanza kwa kukataa vyote vinavyotoka nje, halafu unaruhusu kimoja kimoja unachokihitaji. Na kila inayemkataa inamwandika. Asubuhi nikamfungulia meneja logi, yaani orodha hiyo ya waliokataliwa, kabla hajamaliza chai. Mistari ilikuwa inashuka yenyewe kwenye kioo: poti 23, poti 445, poti 3389, tena 23, anwani za mabara tofauti tofauti, hazina hata adabu ya kusubiri kupambazuke. Chai yake ilipoa.

Nilimweleza kwa haki kwamba hao si majangili. Ni programu zinazozunguka intaneti yote zikijaribu kila anwani, bila kujua kama hapo ni benki au ni kambi ya simba. Mwaka 2016 programu moja ya aina hiyo, iliyoitwa Mirai, iliteka kamera na ruta kwa wingi duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya manenosiri ya kiwandani, na hilo admin lake lilikuwamo. Lakini wanaoteka kifaa hawalazimiki kukitumia wenyewe. Njia ya kuingilia huuzwa, na anayeinunua anaweza kuwa anajua vizuri kabisa simba ni nini.

Faiwoli pekee haitoshi, na fundi atakayewaambia inatosha anataka kuuza faiwoli. Haimzuii mtu wa ndani aliyeahidiwa laki mbili. Kwa huyo dawa ni kupunguza macho: dereva aandike alichokiona, lakini jedwali zima lisomwe na wawili au watatu tu, kila mmoja kwa jina lake na nenosiri lake, ili likivuja tujue limetokea kwa nani. Haizuii pia picha ya mgeni. Simu nyingi huandika latitudo na longitudo ndani ya picha yenyewe. Ukiituma WhatsApp kama picha zinaondolewa, ukiituma kama dokumenti zinakwenda nazo. Waongoza watalii wengi niliowauliza hawakuwa wanalijua hili, na hawana kosa, hakuna aliyewaambia.

Na sitaki nieleweke kwamba kila kitu kifichwe. Kuna vijiji vya Manyoni na Chamwino ambako tembo wakitoka porini watu hutaarifiana kwa makundi ya WhatsApp, na ujumbe wa "wako shamba la mzee fulani, msipite njia ya kisimani" unaokoa maisha. Tembo aliyefika shambani si siri tena, atangazwe kwa sauti kubwa kadiri inavyowezekana. Simba jike mwenye watoto chini ya mkuyu ni habari nyingine. Anayeshindwa kutofautisha mambo haya mawili asipewe hilo jedwali.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayeingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda mwananchi na taarifa zake. Simba si mwananchi. Ombi langu kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na kwa wote wanaotoa vibali vya kambi na vitalu, ni kwamba mkaguzi anapokuja kuangalia vyoo, maji na mitungi ya kuzimia moto, aulize na maswali haya: mtandao wa wageni umetenganishwa na wa ofisi? Nenosiri la ruta limebadilishwa? Takwimu za wanyama zinasomwa na nani? Hahitaji kuwa mtaalamu. Akiona meneja anamwangalia fundi na fundi anaangalia dari, jibu amelipata. Kwa kola za watafiti nadhani wenyewe wanajua zaidi yangu, ila kompyuta mpakato inayopokea taarifa za kola isiwe hiyo hiyo ambayo watoto wanachezea gemu nyumbani.

Msimu wa uwindaji unaanza Julai. Wenye kambi wakitaka kuanza kesho, waanze na kinasa cha kamera: fungeni hiyo poti iliyo wazi kwenda nje, badilini nenosiri, na bosi akitaka kuangalia kambi yake akiwa mjini apitie VPN, njia ya siri iliyofungwa kati ya simu yake na kambi. Atalalamika kwamba inachukua muda kuunganishwa. Mwacheni alalamike.

Fundi mitandao,
Nkuhungu, Dodoma