Mkono wa Idi kwa wanachama na majirani, Lamu

Assalam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwezi umeandama, na kabla hamjatawanyika kwenda kula mahamri ya watu, kikundi chetu cha kuhudumia mtaa kinawapa mkono wa Idi: wazee wetu wa barazani, mama zetu, ndugu zetu wa Mkomani na Langoni, na jirani zetu wa Shela. Mola atutakabalie funga na sala zetu, aliye safarini amrejeshe salama, mgonjwa ampe afueni. Kila mwaka naandika maneno haya haya, na kila mwaka katibu ni mimi, basi mtanisamehe.

Mfungo ulikuwa mzito. Sukari mmeiona. Mafuta ya kupikia mmeyaona. Mama mmoja aliniambia sokoni kwamba kaimati zake mwaka huu zimekuwa kama gololi, na watoto wanagawiwa kwa hesabu. Zaka ya fitri ilifika kwa wenyewe, Alhamdulillahi, lakini milango tuliyoibisha hodi ilikuwa mingi kuliko mwaka jana, na miwili kati yake ni ya watu waliozoea kutoa. Zaidi ya hapo sisemi.

Kazi yetu ya kukarabati kuta nayo imeumia. Mawe yanatoka Maweni, kisiwani Manda, kwa dau, yakifika gatini yanapanda punda, na kila mkono unaoyagusa una bei yake. Korija ya boriti, yaani miti ishirini ya mikoko, ukitaka kuiulizia, kaa kitako kwanza. Marufuku ya kukata miti iliyotujia mwaka 2018 imekwisha kuondoka. Bei haikuondoka nayo. Ngome ina wa kuitazama, tangu ilipoacha kuwa jela mwaka 1984 ikakabidhiwa Makumbusho. Madaka ya vichochoroni, yale mabaraza ya milangoni, ndiyo mayatima.

Na mwezi wa Shaaban, usiku wa Ijumaa, tuliondokewa na fundi wetu wa chokaa. Mnamjua. Alikuwa akikaa juu ya karai lililopinduliwa, anachota chokaa iliyokwisha kulala wiki kadhaa, anaisugua baina ya kidole gumba na cha shahada, kisha anainusa. "Bado," anasema, nasi tunarudi nyumbani na miko yetu. Saruji hakutaka hata kuisikia. Alisema jiwe la bahari halikomi kutoka jasho. Ukiliziba, chumvi itatafuta njia na plasta utaiokota chini. Yeye ndiye aliyekuwa amebaki na nyimbo za kupigia sakafu, zile za siku watu walipopanda juu ya nyumba na vijiti vyao, wakagonga chokaa kutwa nzima kwa mpigo mmoja. Tulizisikia, tukacheka, hatukuziandika.

Sasa niseme la kwangu. Mwezi wa Rajabu fundi aliniita, akanambia nije na mwanangu tuone tanuri la chokaa linavyopangwa, magogo na mawe. Nikamjibu, "Baada ya Mfungo, inshallah, mzee wangu." Na ukuta wangu wa uani, nyinyi msioingia kwangu hamjui, niliutia saruji mwaka juzi kwa sababu ya haraka. Siku moja alipita kunijulia hali, akauona, akaugusa kwa ncha ya bakora. Hakusema neno. Aliomba maji, akanywa, akaenda zake. Plasta imeanza kubambuka upande wa birika, na kila nikitawadha naiona.

Ndugu zangu, UNESCO iliuandika mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, tukapiga vigelegele. Orodha haikorogi chokaa. Vijana, msione haya kushika mwiko. Babu zenu walivaa kanzu Ijumaa, na Jumamosi wakapanda juu ya kuta. Wazazi, mlango wa nakshi ukishauzwa haurudi, na pesa yake haifiki Idi ya pili. Tuwaulize wazee wakingali na sauti. Tusengenyane kidogo barazani, tusaidiane zaidi. Mwenye jirani asiye na kitu leo asingoje kuombwa, ampelekee sahani ingali na moto, na aifunike vizuri, maana sadaka ya kutangazwa inamchoma mwenye kupewa. Na michango ya kikundi, jamani, ilipwe. Kuna watu wanadaiwa tangu Maulidi.

Wenye kufunga sita za Shawwal, Mola awape nguvu. Tukizimaliza, Jumamosi ya kwanza tukutane kisimani asubuhi, jua halijapanda. Yule kijana aliyekuwa akimtekea mzee maji anasema anakikumbuka kipimo cha mchanga. Tutakoroga pipa moja tuone. Mwenye karai aje nalo: la marehemu fundi tumeletewa na mjane wake, aliye edani, kwa mkono wa mjukuu, lakini lina tundu.

Minal aidina wal faizina. Kulla aam wa antum bikheri.

Katibu wenu