Likizo hii waacheni wasome wanachokipenda

Mhariri,

Shule zimefungwa mwezi huu wa Agosti, na tayari hapa Lamu nasikia wazazi wakiulizana ni mwalimu gani atawafundisha watoto masomo ya ziada. Masomo hayo ya likizo yalipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, lakini silo lililonifanya nishike kalamu. Ninachoomba ni watoto wapate wasaa wa kusoma kwa raha zao, pasipo mtu kuwatungia maswali mwishoni.

Mtoto wetu amezoeshwa kwamba kitabu ni mtihani. Riwaya teule anaisoma huku akisaka maudhui na tamathali za usemi, na mtihani ukipita haigusi tena. Atapendaje kusoma?

Kuna kijana wa jirani, yuko Gredi ya Sita, ambaye ripoti yake ya shule inasema ni mzito wa kusoma. Juzi baada ya alasiri nilimkuta barazani ameinamia gazeti, ukurasa wa michezo, akiwasomea wenzake habari za mechi. Majina magumu ya wachezaji wa Ulaya yalimtoka bila kukwama. Alipomaliza, wakamtaka arudie pale penye penalti, naye akarudia kwa madaha. Huyo uzito wake uko wapi?

Basi mwenye kupenda mpira apewe habari za mpira, na wa hadithi za majini apewe majini. Kikimchosha katikati, akiweke achukue kingine. Najua wapo watakaosema huo ni upuzi na kupoteza wakati. Hao nawakumbusha kwamba Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi mwaka 1858, hakumwekea alama. Bibi zetu waliusoma majumbani kwa mapenzi yao, wakaurithisha. Na Siyu, ng'ambo tu hapo kisiwani Pate, ilisifika kwa kunakili na kujalidi Misahafu.

Ngome yetu, iliyokuwa jela hadi 1984, leo ina maktaba, tena iko pale pale karibu na soko. Mzazi anayekwenda kununua samaki aandamane na mwanawe, amwache achague mwenyewe.

Nawe Mhariri, tafadhali tutengee nafasi ya hadithi fupi ya watoto katika kila toleo hadi shule zifunguliwe. Yule kijana wa barazani nitamnunulia gazeti mimi.

Mzazi,
Langoni, Lamu