Mchicha wa bondeni

Buguruni, Jumapili

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam sana. Sisi wazima, ila mama miguu bado inamsumbua. Habari ya mimba tuliipokea kwa vigelegele, na chumba chako kipo tayari. Ila huo mchicha wa nazi uliouagiza, ngoja nikwambie.

Juzi nilishuka bondeni Msimbazi. Vijana wanachota maji mtoni kwa keni, maji meusi yenye povu, wanamwagilia matuta. Na mchicha wenyewe sasa! Majani mapana kama kiganja, kijani kimekolea. Ndio huohuo tunaougombea sokoni, ule uliotobolewa na wadudu tunauruka.

Mto ule unabeba maji ya viwandani, ya gereji na ya vyooni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga za kando ya mito ya Msimbazi na Sinza, ukakuta madini ya risasi na kadimi, metali zenye sumu. Miaka yote hiyo sisi tunakula tu! Mimi nilijua nikichemsha basi nimemaliza. Kumbe moto unaua vijidudu. Risasi haina uhai wa kutolewa. Kuosha kunaondoa vumbi na udongo, lakini kilichopandishwa na mizizi kimo ndani ya jani.

Nakuhofia wewe hasa. Risasi hukaa mifupani miaka na miaka, na mwili wa mjamzito ukichota kalsiamu mifupani kumjengea mtoto, nayo inafuatana humo. Inamwumiza mtoto ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango chake kilicho salama. Kadimi yenyewe hukimbilia figo.

Mboga usiache, tafadhali. Na dagaa na maharage ule, maana mwenye upungufu wa chuma na kalsiamu ndiye anayefyonza risasi zaidi.

Nilimuuliza muuzaji wangu mchicha kautoa wapi, akanijibu, "Kwani unauposa?" Soko zima likacheka. Wale vijana wa bondeni siwalaumu. Sumu hawakuimwaga wao, na jioni wanachuma cha nyumbani kwao kwenye tuta lilelile.

Nimeamua kupanda matembele kwenye viroba uani. Nimekwama kwenye udongo, maana wa hapa uani ni wa kando ya gereji. Ukija na basi, nibebee gunia moja la udongo wa shambani kwenu Mkuyuni, na vipande vya matembele. Konda akikushangaa, mwambie ni mzigo wa mjamzito.

Wako,
Zuhura