Siku ya kilo, mama naye aulizwe

Ndugu Mhariri,

Sisi ni wauguzi na wahudumu wa afya ya akili tunaofanya kazi na akina mama na watoto wachanga hapa Bukavu. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo moja kuhusu siku ya kilo, yaani siku ya kupima uzito wa watoto kwenye kituo cha afya.

Utaratibu wake unajulikana katika mitaa yote ya mji, Ibanda, Kadutu hadi Bagira. Mtoto anavuliwa nguo, anavalishwa kaptula ya mizani, ananing'inizwa, uzito unaandikwa kwenye kadi. Mstari ukipanda, mama anapongezwa. Ukilala au ukishuka, anaulizwa, "Unamupa nini?" na kufundishwa upya uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama. Mafundisho hayo tunayaunga mkono, maana makosa ya uji ni ya kweli. Soya isipokaangwa mpaka harufu ya ubichi iishe, hubaki na vitu vinavyozuia tumbo kuitumia protini yake. Uji ukiwa mwepesi kama maji, tumbo la mtoto wa miezi minane, ambalo halipokei zaidi ya kikombe kimoja, hujaa kabla mwili haujapata nguvu. Uji wa kufaa hubaki juu ya kijiko ukikiinamisha, na unga wa sambaza (samaki wadogo wa ziwani) waliokauka huuongezea thamani kwa bei ndogo.

Ila akina mama wengi wanaoambiwa hayo wanayajua tayari. Kinachowapungukia ni nguvu ya kulisha. Mtoto wa umri huo anahitaji kula mara mbili au tatu kwa siku juu ya kunyonya, na kila mlo unadai subira: anatema, anageuza shingo, anashangaa kuku, kisha anafungua mdomo tena. Mama ambaye halali usiku na moyo wake umezimika humpa vijiko vitatu, na mtoto akigeuza shingo anaweka sahani chini. Tusiuite uvivu. Ni ugonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, ambao hapa kwetu mwenyewe huueleza kwa maneno mengine: "Niko na mawazo mingi", "usingizi inanikimbia", "moyo inaniuma". Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu akina mama 20 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la akili, na sonona ndiyo ya kwanza. Na mji wetu umeona vita vikiingia mitaani Februari 2025, mzigo haujapungua.

Si kila chozi ni ugonjwa. Siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua wengi hulia bila sababu, na hali hiyo hupita ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, tusingoje. Vilevile upungufu wa damu hufanana sana na sonona: uchovu, kizunguzungu, kukosa hamu. Kwa hiyo viganja na kope za ndani ziangaliwe, na damu ipimwe, kabla ya kusema lolote kuhusu moyo.

Kuna dalili nyingine inayotupita kwa sababu inasifiwa. Mtoto wa miezi minne ambaye halii, hatafuti uso, hatabasamu akisemeshwa, watu humwita mpole. Tuna hofu na upole huo. Mtoto huita kwa sauti na macho, akingoja jibu. Asipojibiwa siku baada ya siku, anaacha kuita. Dawa yake haigharimu kitu. Wakati wa kunyonyesha au kuogesha, mama alete uso wake karibu, kama sentimita 20 hadi 30, aseme neno, kisha anyamaze na kuhesabu moyoni mpaka tano. Kimya hicho ndicho kinachosahaulika. Mtoto akitoa sauti au akirusha mguu, mama arudie sauti ileile. Dakika tatu zinatosha kwa kuanzia, na baba, dada au nyanya anaweza kufanya hivyohivyo.

Tunachoomba siku ya kilo ni maswali mawili. La kwanza: katika wiki mbili hizi, umekuwa na moyo mzito au kukata tamaa karibu kila siku? La pili: mambo yaliyokuwa yakikufurahisha, bado yanakufurahisha? Yaulizwe pembeni, kamwe si kwenye foleni mbele ya mama mkwe na majirani, kwa sababu pale jibu ni moja tu: "Niko tu muzuri." Dalili ikionekana kwenye moja ya majibu, aulizwe kwa upole kama amewahi kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Baada ya hapo si lazima dawa wala daktari bingwa. Nchini Pakistani, utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wa vijijini, waliowatembelea mama wenye sonona mara 16 tangu mwisho wa mimba na kuzungumza nao kwa utaratibu, walipunguza ugonjwa kwa kiasi kikubwa: mtoto alipofika miezi sita, mama 23 kati ya 100 walikuwa bado wagonjwa, dhidi ya 53 kwa wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo. RECO wetu, yaani wahudumu wa afya wa kujitolea mitaani, wanaweza kujifunza kazi hiyo.

Nyumbani, baba ana sehemu yake. Kupandisha bidoni ya maji ya lita 20 kwenye milima ya Kadutu si kazi ya mwenye kunyonyesha. Ampe pia saa nne za usingizi usiokatwa, na sahani moja ya ziada kwa siku.

Hali moja haingoji ziara. Mama aliyejifungua juzi akianza kusikia sauti, kukesha bila kuchoka, au kusema mtoto si wake, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo, asiachwe peke yake na mtoto. Hapa mjini kituo cha SOSAME hushughulikia magonjwa ya akili. Maombi hatuyapingi, yaendelee akiwa mikononi mwa madaktari.

Tunaziomba kanda za afya za mji wetu ziweke kiti kimoja mbali na foleni, na mama ambaye majibu yake yameonyesha dalili arudi baada ya wiki mbili badala ya mwezi. Kwenye kadi itiwe nukta ndogo tu pembeni, bila neno lolote, kwa kuwa kadi hiyo nyumbani inasomwa na wengi.

Wauguzi na wahudumu wa afya ya akili,
Bukavu