Barua kutoka Ronda: Angliru isubiri

Ronda, Andalusia, Hispania

Swahibu yangu Juma,

Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili, mara ya pili ramani ikiwa mezani. Nimefurahi kusikia goti limepona na kwamba Jumapili umerudi barabarani na wenzako. Kuhusu safari yako ya huku, umeandika kwamba jambo la kwanza ukifika ni kuupanda mlima Angliru kwa baiskeli. Hapo niruhusu nikubishie, maana kwa ukaidi wako ule, wengine wote watakuitikia tu.

Najua kinachokuvuta. Ni Chris Froome na ile Vuelta ya 2011, mbio za baiskeli za kuizunguka Hispania. Kijana aliyezaliwa Nairobi, aliyejifunza mbio kwa David Kinjah kule Kikuyu, akamaliza wa pili kwa sekunde 13 nyuma ya Mhispania Juan José Cobo, ambaye jezi nyekundu ya anayeongoza aliivaa baada ya kushinda palepale juu ya Angliru. Kisha tukangoja hadi 2019 ndipo Cobo anyang'anywe ushindi kwa sababu ya dawa zilizokatazwa, na Froome aandikwe mshindi. Kufikia hapo alikuwa keshashinda nyingine, ya 2017. Kwa hiyo naelewa, unataka kwenda kuzuru mahali pa dhuluma.

Lakini tazama ilivyo. Angliru uko Asturias, kaskazini kabisa, nami niko kusini kabisa, kati yetu nchi nzima. Mpando ni kilomita 12 na nusu, wastani wake karibu asilimia 10, na wastani huo unadanganya: mwanzoni unapanda ukipiga soga, halafu nusu ya mwisho inasimama kama ukuta, hasa kipande cha Cueña les Cabres kinachofika asilimia 23 na ushei. Kwenye Vuelta ya 2002, siku ya mvua, mwendesha baiskeli David Millar alifika hatua moja kabla ya mstari wa mwisho, akabandua namba yake na kukataa kuuvuka, kwa hasira ya kulazimishwa kupita njia ile. Na ukishafika juu, barabara imekwisha. Unageuka, unashuka kulekule ulikopandia, vidole vimeganda kwenye breki. Siku yako imeishia hapo.

Huku kwetu barabara zinakwenda mahali. Nikuambie mzunguko ninaoupenda kuliko yote, ndio nitakaokupeleka siku ya kwanza.

Tunatoka Ronda asubuhi, jua bado halijaamka vizuri. Mji uko zaidi ya mita 700 juu ya bahari, kwa hiyo hata mwezi wa Mei utataka kizibao. Tunashika barabara ya A-374 kuelekea kaskazini-magharibi, na kwa muda mrefu ni kuteremka tu hadi bwawa la Zahara. Usifurahi sana hapo, kila mita unayoteremka utailipa. Zahara de la Sierra ni kijiji cheupe kilichong'ang'ania jabali, ngome juu, maji ya bwawa chini. Sultani wa Granada alikirudisha mikononi mwake mwaka 1481, na vita vilivyofuata ndivyo vilivyoishia kwa kuanguka kwa Granada yenyewe mwaka 1492. Sisi tutasimama kwa ajili ya kahawa na kujaza chupa.

Kutoka Zahara inaanza CA-9104, barabara nyembamba isiyo na malori, inayopanda hadi Puerto de las Palomas, kipito cha milimani. Ni kama kilomita 12, kwa wastani wa asilimia 6 au 7, vipande viwili vitatu vikali zaidi. Wengi wanaupanda kutoka upande wa pili, wa kijiji cha Grazalema, kwa sababu ni mfupi. Mimi nasema hapana. Upande wa Zahara unatazama kaskazini, kwa hiyo asubuhi una kivuli, na kona zake zimepangwa hivi kwamba kila ukigeuka unaliona bwawa chini yako limezidi kuwa dogo, rangi yake ya feruzi. Tumbusi wakubwa wa hapa wanazunguka juu ya majabali, na ukikaribia kileleni baadhi yao wanapita chini yako. Katika misitu ya safu hii kuna pinsapo, jamii ya misonobari iliyobaki tangu dunia ilipokuwa na baridi zaidi, na kwa asili hapa Hispania hauoti popote ila milima michache ya Andalusia hii.

Sasa sikiliza jambo litakalokuchekesha. Kilele cha Palomas kiko chini kuliko katikati ya jiji la Nairobi. Hata kilele cha Angliru kiko chini kuliko Nairobi! Wewe unayefanya mazoezi Limuru, mapafu yako yatajiona yako likizoni. Kitakachokutesa ni miguu, kwa sababu mpando wa huku hauishi mapema. Kwa hiyo acha ushujaa na gia zako ngumu. Weka gia ya nyuma yenye meno 32, au 34 kama deraila yako, kile kibadilisha gia, inaruhusu.

Kutoka kileleni ni mteremko mfupi hadi Grazalema. Kula hapo. Jibini ya mbuzi wa aina ya Payoya uipate kwa vyovyote. Ila kwenye vyakula uwe macho: nyama ya nguruwe huku inaingia hata usipoitarajia. Asubuhi utawaona watu wakipaka kwenye mkate kitu chekundu kinachopendeza, wanakiita manteca colorá, nayo ni mafuta ya nguruwe yenye viungo. Wewe agiza mkate wa kuchoma na nyanya na mafuta ya zeituni, na useme "sin jamón", yaani bila paja la nguruwe, kabla hujaulizwa.

Baada ya chakula tunarudi Ronda kwa A-372, inayopanda na kushuka katikati ya mialoni ya magome mazito. Gome hilo hubanduliwa kila baada ya miaka 9 au zaidi kutengenezea vizibo vya chupa, na mti uliobanduliwa karibuni unabaki na shina jekundu. Mzunguko mzima unazidi kidogo kilomita 80. Kwenye karatasi si kitu.

Siku ya kupumzisha miguu tutakwenda Olvera, tushuke hadi Puerto Serrano kwa Vía Verde de la Sierra: kilomita 36 na mahandaki 30 ya reli iliyojengwa miaka ya 1920, ambayo treni haikupita hata siku moja. Fedha ziliisha, vita vikaja, na leo ni ya baiskeli na watembea kwa miguu. Njoo na taa, na tairi la milimita 28 au zaidi.

Kuhusu madereva, jambo ulilouliza kwa wasiwasi: sheria inamtaka dereva akupishe kwa mita moja na nusu, na wengi wanaitii. Mara ya kwanza utadhani gari limeharibika, kumbe linangoja nyuma yako hadi kona iishe. Ukilinganisha na malori ya barabara ya Mai Mahiu, utaona aibu kuwashukuru kwa mkono kila dakika, lakini utawashukuru tu. Helmeti ni lazima nje ya mji.

Usije Julai wala Agosti, lami inachemka na vijiji vinalala mchana kutwa. Aprili, Mei au Oktoba. Usichelewe Novemba, kwa sababu mawingu ya Atlantiki yanagonga milima hii kwanza: Grazalema hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, katika kusini hii ambayo watu wanaidhania jangwa. Viza ya Schengen unaruhusiwa kuiomba hadi miezi 6 kabla ya safari, basi anza mapema, foleni unazijua.

Ukikaa wiki mbili na miguu ikawa bado inawasha, nitakusindikiza mwenyewe hadi Asturias. Mimi nitakungoja chini na thermosi.

Niandikie kipimo cha baiskeli yako na aina ya pedali, nijue kama nitafute ya kukodi au utabeba yako. Tyubu na viraka usibebe, vipo. Chai ya Kericho ndiyo ubebe, kilo mbili. Nisalimie mama na wote nyumbani.

Nduguyo,
Salim