Msiisingizie Cabernet, chupa ndiyo ya moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niitetee zabibu moja inayosingiziwa kila wikendi kwenye baa na migahawa ya Moshi na Arusha. Mteja anaagiza Cabernet Sauvignon, anapiga funda la kwanza, anakunja uso: "Chungu, tena inachoma!" Anaongeza soda, au anarudi kwenye mvinyo wake mtamu. Mara nyingi kilichomchoma si zabibu. Ni chupa iliyoshinda rafuni kwenye joto la nyuzi 30.

Jina lenyewe linachanganya watu. Cabernet Sauvignon si kampuni wala kipimo cha utamu, ni aina ya zabibu, kama mshare na kisukari zilivyo aina za ndizi. Kwao ni Bordeaux, Ufaransa. Mwaka 1997 vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa wazazi wake ni Cabernet Franc, ambayo ni nyekundu, na Sauvignon Blanc, ambayo ni nyeupe. Chupa nyingi zinazouzwa kwetu zinatoka Afrika Kusini, na kanuni za huko zinataka chupa yenye jina la zabibu moja iwe na angalau asilimia 85 ya zabibu hiyo. Asilimia 15 iliyobaki inaweza kuwa Merlot au nyingine, ndiyo maana chupa mbili za Cabernet hazilingani ladha. Makutupora nyekundu ya Dodoma ni zabibu nyingine kabisa. Tusiipime kwa mizani hii.

Sasa huo "uchungu". Punje ya Cabernet ni ndogo, ganda lake nene, mbegu zake kubwa kwa umbo lake. Maji yake hayana rangi ya maana. Wekundu hutoka kwenye maganda yanayolowekwa humo kwa siku kadhaa wakati mvinyo unachachuka. Humo humo hutoka tanini, kitu kile kile kinachokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyochemka mno au ukila zambarau. Huo ni ukakasi, si uchungu. Uchungu ni ule wa msesewe, gome linalotiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Ukinusa harufu ya pilipili hoho, ujue zabibu zilichumwa kabla ya kuiva vizuri, maana Cabernet huchelewa kuiva.

Dawa ya ukakasi ni nyama. Protini na mafuta ya mbuzi choma hushikana na tanini, funda linalofuata linakuwa laini. Samaki mwenye mafuta huacha ladha ya chuma mdomoni, na pilipili kali huzidisha moto wa kilevi, ambacho kwenye Cabernet kwa kawaida ni asilimia 13 hadi 14.5.

Wahudumu hufundishwa kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa "joto la chumba". Chumba kipi? Msemo huo ulizaliwa Ulaya, kwenye nyumba za nyuzi 16 hadi 18. Arusha ya Julai unaweza kuifuata kanuni hiyo bila kujuta. Moshi ya Februari, hapana: kilevi hupaa puani na harufu ya tunda hupotea. Ila kuilaza chupa siku nzima kwenye friji la bia nako ni kosa, kwa sababu baridi kali hukaza tanini na kuua harufu. Weka chupa dakika 10 hadi 15 kwenye ndoo ya barafu iliyotiwa maji. Barafu peke yake hupoza polepole, kwa kuwa haigusi chupa yote. Kwa friji, hesabu kama saa moja na nusu.

Wenye maduka nao wanahusika. Chupa iliyopangwa dirishani juani, au iliyosahaulika ndani ya gari, inaiva humo humo: mvinyo hutanuka, husukuma kizibo, na ladha inakuwa ya jamu iliyoungua. Kizibo kilichotokeza au chenye michirizi, usinunue. Chupa ya kizibo cha gome ilazwe ili kizibo kisikauke. Ya kifuniko cha kuzungusha hata ikisimama haidhuriki. Mashapo chini ya chupa kuukuu hayana madhara. Harufu ya boksi lililolowa ni ugonjwa wa kizibo, hiyo irudishwe.

Kwa wanaouza kwa glasi: chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Ikishafunguliwa, ifunikwe na ikae kwenye friji, imalizwe ndani ya siku tatu hadi tano. Ile inayokaa kaunta wiki nzima huelekea kuwa siki, na mteja hulipa bei ya mvinyo.

Mteja naye aiguse chupa kabla haijafunguliwa. Ikiwa na uvuguvugu, aombe ndoo.

Mhudumu wa mvinyo,
Moshi