Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya Zanzibar: si kila mkojo wa damu ni kichocho

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaam alaykum.

Tunakuandikia kuhusu lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu tu, huugeukia mwili wenyewe: ngozi, maungio, damu, mapafu, moyo, ubongo na, linalotutia hofu kuliko yote, figo. Katika kila wagonjwa 10, 9 ni wanawake, na wengi huanza kuumwa kati ya miaka 15 na 44, umri wa kusoma, kuolewa na kuzaa. Hayaambukizi. Hayaponi moja kwa moja, lakini yakigunduliwa mapema hutulia, na mgonjwa akaendelea na maisha yake.

Kwa miongo mingi vitabu vya tiba viliandika kwamba lupasi ni nadra Afrika. Wakati huohuo, huko Marekani wanawake weusi wanaugua mara 2 hadi 3 zaidi ya weupe, huanza wakiwa wadogo zaidi, na figo zao huharibika zaidi. Uingereza nako wenye asili ya Karibi na Afrika ndio wanaoongoza, wakifuatiwa na wenye asili ya Uhindi. Haiingii akilini maradhi yamwandame mjukuu ng'ambo halafu yamwache bibi huku alikotoka. Sehemu kubwa ya "unadra" huo, kwa maoni yetu, ni kutopima: wataalamu wachache, vipimo ghali, na wagonjwa wanaozikwa kwa jina la maradhi mengine.

Tofauti za kweli zipo pia. Kuna aina mbili za kinasaba kiitwacho APOL1 ambazo ziliwakinga wahenga na vimelea vya malale. Zimeenea sana Afrika Magharibi, na aliyezirithi kwa baba na kwa mama, akipata lupasi, figo zake huwahi kufa. Afrika Mashariki aina hizo ni chache zaidi. Kwa hiyo mgonjwa wa Unguja au Pemba anapofika hospitali figo zimeshachoka, tusikimbilie kulaumu nasaba. Tuulize kwanza alizungushwa muda gani kabla ya mtu kumpima mkojo.

Hapa ndipo penye kiini cha barua yetu. Visiwa vyetu vina kichocho cha mkojo, na kila mhudumu amezoea: damu kwenye mkojo, dawa ya kichocho ya prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, basi. Kwa mtoto wa skuli anayeoga mtoni, hilo mara nyingi ni sawa. Kwa msichana wa miaka 20 mwenye homa zisizoeleweka, maungio yanayouma asubuhi na nywele zinazokatika, damu hiyohiyo yaweza kuwa figo inayoungua. Kutenganisha mambo haya mawili hakuhitaji mashine kubwa. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, basi mkojo wa kutafuta mayai uchukuliwe wakati huo. Mkojo wa kupima protini uwe wa kwanza wa asubuhi, wa katikati ya kukojoa, na mgonjwa asiwe kwenye hedhi. Mayai yasipoonekana na kijiti cha kupimia mkojo kikaonesha protini, mgonjwa apewe rufaa bila kusubiri. Mayai yakionekana, atibiwe, kisha apimwe tena baada ya wiki 4. Protini ikiwa bado ipo, au miguu na uso vikavimba, au presha ikapanda hata kabla ya wiki hizo, asipewe prazikwanteli ya pili na kurudishwa nyumbani.

Vijiti vyenyewe vina adui mmoja mkubwa hapa kwetu, nao ni unyevu. Kopo likiachwa wazi mezani, rangi hubadilika kabla hata ya kugusa mkojo, na majibu yakawa ya uongo. Kifuniko kirudi mara tu kijiti kinapotolewa, kopo lisiwekwe kwenye friji, tarehe ya kufunguliwa iandikwe ubavuni, na rangi zisomwe kwa saa ya mkononi kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Tunaomba agizo hili litoke wizarani kwa maandishi, lifike hadi kituo cha mwisho cha Micheweni na Makunduchi.

Ngozi nayo inawapoteza wengi. Picha za vitabuni zinaonesha wekundu wenye umbo la kipepeo juu ya pua na mashavu ya mtu mweupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani hivyo. Huja kama weusi uliokoza, au rangi ya zambarau, au mashavu kuwa makavu tu. Mara nyingi zaidi tunaona mabaka ya mviringo masikioni na kichwani, katikati meupe na pembeni meusi, na yakipona huacha kovu lisiloota nywele tena. Wengi hutibiwa fangasi kwa miezi. Na jua linachochea maradhi kwa mweusi kama kwa mweupe. Akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani, maji yakitoka mchana, hupigwa na jua la juu na la kwenye maji pia. Buibui husaidia mwili. Uso na mikono bado vinahitaji mafuta ya kuzuia jua ya kiwango cha 30 au zaidi.

Kuhusu dawa, tunayoililia ni haidroksiklorokwini. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na karibu kila mgonjwa wa lupasi anapaswa kuitumia, mjamzito akiwemo. Dozi isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku. Mama wa kilo 60 anahitaji miligramu 300, yaani kidonge kimoja cha 200 leo, viwili kesho: vidonge 45 kwa mwezi. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuonesha kazi yake, ndiyo maana ikikatika madukani mwezi mmoja hasara yake ni ya miezi mingi. Mwaka 2020 wagonjwa duniani kote walihangaika pale dawa hii ilipogombaniwa kwa ajili ya korona. Macho yapimwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, na mapema zaidi kwa mwenye figo dhaifu.

Ikikosekana, mgonjwa hubaki na prednisoloni, dawa ya steroidi, peke yake, kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu, nayo humletea sukari, presha na mifupa kulika. Tena haiachwi ghafla. Anayefunga Ramadhani kwa ruhusa ya daktari aimeze wakati wa daku, asiiruke. Na kabla ya kuanza dozi kubwa, apewe ivamektini kwa ajili ya minyoo ya strongiloidi, ambayo prednisoloni huifungulia njia ikasambaa mwili mzima na kuua. Albendazoli ya dozi moja haiwamalizi minyoo hao.

Kwa ndugu zetu wa Pemba tunaomba damu isafiri, mgonjwa abaki. Seramu ikitenganishwa Chake Chake na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, inafika maabara ya Unguja au Dar es Salaam ikiwa salama kwa kipimo cha ANA, kinachotafuta kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe. Kipimo hicho kisiagizwe kwa kila anayeumwa viungo, maana hata wazima wengi huonesha chanya. Kiagizwe pale dalili zinapokubaliana. Nafasi ya boti ibaki kwa anayehitaji kutolewa kinyama kidogo cha figo kikapimwe, yaani yule ambaye protini kwenye mkojo imefika nusu gramu kwa siku.

Kliniki za wajawazito zikumbushwe mambo mawili. Lupasi inaweza kufanya kipimo cha kaswende cha VDRL au RPR kuonesha chanya ya uongo, na tumeona ndoa zikiingia matatani kwa karatasi hiyo. Lazima kithibitishwe kwa kipimo cha pili cha aina nyingine kabla mume hajaitwa. Na maikofenoleti, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, hulemaza mimba: ibadilishwe kwa azathioprini, dawa nyingine ya aina hiyo, angalau wiki 6 kabla ya kushika ujauzito, maradhi yakiwa yametulia kwa miezi 6.

Bohari Kuu ya Dawa na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar wakitaka hesabu ya vidonge na vijiti kwa kila wilaya, tuko tayari kukaa nao siku yoyote watakayotuita.

Wako katika kazi,
Wahudumu wa afya wanaotibu wagonjwa wa lupasi,
Unguja na Pemba.